Mgonjwa wa akili: Tusingoje jeneza ndipo tugonge mlango

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mwili na akili. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi kipo chumba kimoja ambacho mlango wake hufungwa haraka mgeni anapopiga hodi. Ndani yumo kijana wa miaka ishirini na kidogo. Miaka mitatu iliyopita alikuwa mwanafunzi mzuri, akiwahi swala ya alfajiri na kuwasomesha wadogo zake juzuu. Leo halali usiku. Anajibizana na watu ambao hakuna mwingine anayewaona. Chakula hakigusi mpaka mama yake aonje kwanza, kwani ana yakini kuwa kimetiwa sumu. Hajaoga wiki ya pili sasa. Mgeni akiuliza habari zake, huambiwa: "Yuko safari," au "Ana homa kidogo."

Nyumba hii siitaji ni ya nani, kwa sababu si nyumba moja. Huenda ni ya jirani yako, na huenda ni ya kwako wewe unayesoma.

Sasa tufikirie jambo moja. Kijana huyu akifariki leo, kabla ya adhuhuri mtaa mzima utakuwa umefika. Turubai litafungwa, mikeka itatandikwa, watu watachangishana, vijana watapokezana jeneza mabegani mpaka makaburini, na akina mama watawapikia wafiwa. Hakuna atakayeuliza marehemu alikuwa na ugonjwa gani. Lakini kijana huyu huyu akiwa hai, miezi hupita bila mtu kuugonga mlango ule. Tunamheshimu akiwa maiti kuliko tunavyomheshimu akiwa mgonjwa.

Hoja yangu ya leo ndiyo hiyo. Kumzika Muislamu ni fardhi kifaya: wakiitekeleza baadhi, wengine wamesalimika, na wote wakiiacha, wote wamekosa. Mimi si mufti na sitoi fat-wa. Lakini kwa maoni yangu, maana ya hukumu ile inatugusa pia kwa mgonjwa wa akili. Mzigo wake hauwezi kuachiwa mama mmoja ilhali mtaa una msikiti, una vijana na una majirani.

Ni ugonjwa gani huu?

Kitaalamu unaitwa skizofrenia. Mitaani tunasema kichaa, wazimu, wehu au uchizi, majina ambayo huchanganya magonjwa mengi tofauti na kumtia mtu aibu. Jina la skizofrenia lilitolewa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kuwa mgonjwa ni mtu mwenye nafsi mbili, mara huyu, mara yule. Sivyo. Kinachovurugika ni mpangilio wa fikra, hisia na namna mtu anavyoupokea ulimwengu unaomzunguka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 20 wanaishi na ugonjwa huu, sawa na karibu mtu 1 katika kila 300. Kwa wastani huo, kata yenye watu 30,000 inaweza kuwa na wagonjwa wapatao 100. Kama wewe humjui hata mmoja katika kata yako, jiulize wamefichwa wapi.

Mara nyingi ugonjwa huanza mwishoni mwa umri wa shule au katika miaka ya ishirini, na wanaume huanza kuugua mapema kidogo kuliko wanawake. Huo ndio umri ambao mzazi ameshamaliza kulea na anaanza kutazamia msaada wa mwanawe. Ndiyo maana pigo lake ni zito.

Chanzo chake si kimoja. Ugonjwa una asili ya kurithi kwa kiasi fulani: mwenye mzazi mmoja aliyeugua ana uwezekano wa karibu 1 katika 10 wa kuugua naye. Lakini hata mapacha wa kufanana, ambao damu yao ni moja, mmoja akiugua mwenzake huugua katika karibu nusu tu ya hali hizo au pungufu. Kwa hiyo yapo mambo mengine: matatizo wakati wa mimba na kujifungua, misukosuko mikubwa ya utotoni, na uvutaji wa bangi, hasa kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua. Ndani ya ubongo, wataalamu wameona kuwa kemikali iitwayo dopamini inafanya kazi isivyo kawaida.

Hauletwi na malezi mabaya ya mama. Hili nalisisitiza. Katika miaka ya 1940 na 1950 hata baadhi ya madaktari wa Marekani walimlaumu mama kwa ugonjwa wa mwanawe. Dhana hiyo imeshaachwa na wataalamu, lakini kwenye vibaraza vyetu bado inaishi: "Alimdekeza mno," "Alimkosea mumewe," "Huyo mama naye ana mambo yake." Kila neno kama hilo ni mzigo mwingine juu ya mtu ambaye mgongo wake umeshainama.

Anayoyapitia mgonjwa

Mgonjwa husikia sauti. Anazisikia kama wewe unavyomsikia mtu aliyekaa kando yako, na uchunguzi wa ubongo umeonyesha kuwa wakati huo sehemu zinazohusika na usemi na usikivu huwa zinafanya kazi kweli. Sauti nyingine humtukana, nyingine hujadiliana juu yake, nyingine humtolea amri. Kumwambia "hakuna sauti, acha upuuzi" ni sawa na kumwambia mwenye jino bovu kuwa jino haliumi.

Pili, huwa na imani ambazo haziondoki kwa hoja. Anaamini jirani anamfuatilia, redio inamtaja yeye, simu inapeleka siri zake, au kwamba yeye ameteuliwa kwa kazi kubwa. Ugonjwa huchukua yale ambayo mtu ameyazoea. Aliyelelewa msikitini anaweza kusikia sauti inayojiita malaika au jini, na wa dini nyingine akasikia ya kwao. Kwa hiyo mgonjwa akitaja jini, hiyo peke yake si ushahidi wa chanzo cha maradhi yake.

Tatu ni dalili za ukimya, na hizi ndizo zinazomletea matusi mengi. Mgonjwa hupoteza ari. Hakai na watu, hacheki jambo la kuchekesha, halii msibani, haogi, habadilishi nguo, hulala mpaka mchana. Wenzake nyumbani humwita mvivu na mchafu. Ndugu msomaji, mtu aliyevunjika mguu hatumwiti mvivu wa kutembea.

Aidha, tuondoe hofu iliyozidi kiasi. Walio wengi katika wagonjwa hawa hawamdhuru mtu yeyote. Wao ndio wanaopigwa mawe, kuibiwa, kunyanyaswa na kubakwa. Hatari ya kudhuru huongezeka pale mgonjwa anapokosa matibabu au anapotumia pombe na dawa za kulevya. Kwa hiyo njia ya kuilinda jamii ni kumtibu, na kumfungia ndani humwacha bila tiba.

Mzigo wa nyumba

Katika nyumba nyingi mlezi ni mama. Yeye ndiye anayelala na ufunguo chini ya mto. Yeye ndiye anayeamka saa nane usiku kusikiliza kama mlango wa uani umefunguliwa. Hajahudhuria harusi miaka mingapi? Biashara yake ya maandazi au vitumbua imekufa kwa sababu hawezi kutoka. Dada wa mgonjwa anaogopa kuwa akija mchumba, habari zitamkimbiza. Kaka zake wanaona aibu mbele ya marafiki. Baba naye, mara nyingine, hukaa sana nje ya nyumba, na siku moja haonekani tena.

Mama huyu anamwomboleza mwanawe aliye hai. Msiba wake hauna matanga, hauna hitma, na hakuna anayekuja kumpa pole. Ukimsikiliza kwa utulivu, hofu yake kubwa si sauti za usiku wala vyombo vilivyovunjwa. Hofu yake ni hii: "Nikifa mimi, nani atamlisha?"

Wataalamu nao wameona kuwa hali ya nyumba ina uzito katika afya ya mgonjwa. Katika miaka ya 1950 na 1960, mtafiti wa London, George Brown, pamoja na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali na kurudi kwao. Walioishi katika nyumba zenye lawama nyingi, uadui au kumbana mgonjwa kupita kiasi walizidiwa tena mara nyingi zaidi kuliko walioishi katika nyumba tulivu. Tusiligeuze hili kuwa lawama mpya kwa familia. Mtu asiyelala, asiye na fedha na asiye na wa kumpokea hata kwa siku moja atapandisha sauti tu. Mlezi akipumzishwa, nyumba hutulia, na mgonjwa hufaidika.

Kisomo na dawa si maadui

Sasa tufike penye mvutano. Kijana anapoanza kuugua, watu husema kuwa amechezewa, au ana jini. Familia huanza safari: kisomo hapa, kombe pale, mganga kule, mpaka shamba na mbuzi vimeuzwa. Hospitali huja kukumbukwa baada ya mwaka au miaka miwili. Kuchelewa huko kuna gharama yake, kwani kadiri mgonjwa anavyokaa muda mrefu bila matibabu mwanzoni mwa ugonjwa, ndivyo inavyokuwa vigumu kumrudisha katika hali nzuri.

Mimi sipingi kisomo cha Qur'an na dua. Ni ibada, ni faraja kwa mgonjwa na kwa mama yake, na hakuna daktari mwenye busara atakayekizuia. Ninachokipinga ni vitu vitatu. Cha kwanza ni msomaji kuamuru dawa za hospitali ziachwe. Cha pili ni kumpiga mgonjwa, kumnyima chakula, kumfukiza moshi au kumbana koo kwa madai ya kumtoa jini, jambo ambalo ni dhulma, na linaweza kuua. Cha tatu ni kuwakamua fedha watu ambao hawana tena cha kuuza.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta matibabu na ametufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuleta maradhi bila kuleta na dawa yake. Waislamu waliotutangulia walilielewa hilo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kilichozungumzia afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua na hutibiwa. Mjini Cairo, Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa iliyokamilika mwaka 1284, ambamo wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao na gharama zilibebwa na wakfu. Walikuwa na Qur'an kama sisi, na walijenga hospitali. Basi Muislamu wa leo asione kuwa kumpeleka mwanawe kliniki ya akili ni upungufu wa imani.

Dawa, na kwa nini huachwa

Dawa ya kwanza kuleta nafuu kubwa kwa wagonjwa hawa, klorpromazini, ilianza kutumika nchini Ufaransa mwaka 1952. Zikafuata nyingine kama haloperidoli, na baadaye olanzapini na risperidoni. Ipo pia sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi au karibu na hapo, ambayo humfaa sana anayesahau au anayekataa vidonge. Dawa hizi hupunguza sauti na hofu. Haziondoi asili ya ugonjwa, kama vile dawa za presha na kisukari zisivyouondoa, bali huushika usipande.

Tuseme ukweli wote: dawa zina maudhi. Nyingine hukaza misuli na shingo, hutetemesha mikono, hufanya mtu asitulie miguu, humlaza sana au humnenepesha. Mgonjwa anayezikataa mara nyingi ana sababu, na sababu hiyo isikilizwe. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa au kuongeza ya kuzuia maudhi. Kosa ni kuziacha kimya kimya nyumbani. Akipata homa kali huku mwili umekakamaa, hiyo ni dharura, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Sababu ya pili ya kuacha dawa ni nafuu yenyewe. Kijana ametulia, amerudi msikitini, mama anasema: "Alhamdulillah amepona, za nini tena?" Miezi michache baadaye moto umewaka upya. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa ndani ya mwaka mmoja hivi, katika kila wagonjwa 100 walioendelea na dawa, 27 walizidiwa tena. Katika kila 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, walikuwa 64. Yule aliyetulia ametulia kwa sababu anatumia dawa.

Wakati wa Ramadhani mambo huharibika zaidi. Mgonjwa hufunga, huacha vidonge vya mchana, hukesha, na ukosefu wa usingizi peke yake unaweza kuuamsha ugonjwa. Sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Kabla ya mwezi kuingia, familia imuone daktari: huenda dawa zikahamishiwa wakati wa futari na daku, na huenda ikawa bora asifunge. Amuulize pia sheikh anayemwamini. Kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, kwa mtoto mpaka abaleghe, na kwa aliyepoteza akili mpaka zimrudie. Mola wake hamdai, iweje sisi tumdai?

Usafi wa mgonjwa

Safu hii ni ya afya na usafi, na usafi ndio unaozusha ugomvi wa kila siku katika nyumba zenye mgonjwa. Kumburuta bafuni na kummwagia maji kwa nguvu humwongezea hofu, hasa kama sauti zimemwambia kuwa maji yana sumu. Njia nzuri ni ya pole pole. Chagua saa moja ile ile kila siku, saa ambayo huwa ametulia. Mtayarishie ndoo ya maji, sabuni na nguo safi, kisha mwambie jambo moja tu kwa wakati: "Mwanangu, maji yako tayari." Akinawa uso na kupiga mswaki leo, mshukuru, kuoga kutakuja. Ijumaa ni msaada mkubwa, kwa sababu josho la Ijumaa, kukata kucha na kanzu safi ni vitu alivyovizoea tangu utotoni. Kinyozi mpole aje nyumbani ikibidi.

Aoshwe shuka, anikiwe godoro juani, na chumba kifunguliwe dirisha. Meno yake yaangaliwe. Uzito, presha na sukari vipimwe, kwani Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari ya watu wenye ugonjwa huu kufa mapema ni mara 2 hadi 3 ya watu wengine, na mara nyingi kinachowaua ni maradhi ya mwili kama ya moyo, kisukari na maambukizi. Akisema kifua kinamuuma, tusijibu kuwa ni wazimu wake.

Mnyororo, ndoa na mirathi

Yapo mambo matatu ambayo tunayafanya kwa jina la msaada nayo ni madhara.

La kwanza ni kumfunga kamba au mnyororo. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2020, lilieleza kuwa watu wenye maradhi ya akili hufungwa hivyo katika nchi zipatazo 60. Wengi wanaofunga si wakatili. Ni wazazi waliochoka, wenye hofu kuwa mtoto atakimbilia barabarani. Lakini mnyororo hukata ngozi, hulemaza miguu, humfanya mtu ajisaidie alipolala, na humwondolea sitara ambayo Uislamu umemhifadhia. Mnyororo ukionekana mtaani, maana yake familia imelemewa zamani, na sisi tulikuwa wapi?

La pili ni kumuoza ili apone. Ndoa si dawa ya ugonjwa huu. Mgonjwa aliyetulia anaweza kuoa au kuolewa, na wapo wenye ndoa njema. Lakini kumficha mwenzake ni udanganyifu, na bibi harusi atakayeyagundua mambo wiki ya pili ameshadhulumiwa.

La tatu ni mirathi. Ugonjwa haumwondoi mtu katika urithi. Suratun Nisaa inatuelekeza kuwa asiyeweza kutunza mali asikabidhiwe, lakini alishwe na avishwe kutokana nayo, na asemeshwe kwa wema. Kaka anayeiuza nyumba ya mgonjwa kwa hoja kuwa "yule hajui kitu" ajue kuwa Mwenyezi Mungu anajua. Hapa pia ndipo jibu la hofu ya yule mama linapoanza: ukoo ukae angali hai, uteue msimamizi, uandike nini ni cha nani, na mashahidi wawepo.

Tufanye nini?

Wapo watakaosema: "Sisi tungependa kusaidia, lakini familia yenyewe inaficha." Ni kweli, inaficha. Inaficha kwa sababu inatujua. Inajua kuwa tukiambiwa tutasimulia. Atakayetaka mlango ufunguliwe aanze na ulimi wake: aache kusema "chizi", aache kuwachekea watoto wanaomtupia mgonjwa mawe, na akemee.

Jirani apeleke sahani ya chakula bila kuuliza maswali. Aseme: "Mama fulani, Jumamosi mimi nipo, nenda sokoni kwa nafasi yako, nitakaa naye." Saa tatu za namna hiyo ni sadaka kubwa.

Kamati ya msikiti iweke nauli ya kliniki katika hesabu zake, kama inavyoweka sanda. Mgonjwa aliye fukara anaingia katika wanaostahiki zaka. Imamu atenge khutba moja kwa mwaka kwa jambo hili. Vijana wampitie mgonjwa Ijumaa waende naye msikitini, wakae naye safu ya nyuma karibu na mlango ili akitaka kutoka atoke. Walimu wa madrasa wawe wa kwanza kuona: mwanafunzi aliyebadilika ghafla, anayejitenga, asiyelala, anayecheka peke yake, mzazi wake aitwe kwa siri na upole.

Familia isisubiri. Anzeni na hospitali ya wilaya au ya mkoa. Daktari atapima kwanza, kwa sababu malaria kali, kifafa, virusi vya ukimwi, kaswende na dawa za kulevya vinaweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Ikilazimu atawapa rufaa. Zipo huduma za magonjwa ya akili Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe huko Dodoma, Lutindi wilayani Korogwe, na Kidongo Chekundu Unguja. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili tangu mwaka 2008, inayomtambua mgonjwa huyu kuwa ni mtu wa kutibiwa. Na mgonjwa akizungumzia kujiua, akisema sauti zinamwamuru kudhuru, akikataa kula na kunywa, au akikesha siku kadhaa mfululizo, apelekwe siku hiyo hiyo. Kumuuliza kama anawaza kujiua hakumpi wazo hilo; humpa mtu wa kumwambia.

Wala tusikate tamaa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa angalau mgonjwa 1 katika kila 3 anaweza kupona kabisa. Wengine wengi huishi na dawa zao, wakafanya kazi, wakaswali jamaa na kulea watoto.

Ndugu msomaji, nimalizie na kisa kilichopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Anas (R.A.). Palikuwa na mwanamke Madina ambaye akili yake ilikuwa na kitu. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume hakumwambia aje kesho, wala hakuwaagiza masahaba wamwondoe. Alimwambia achague njia yoyote aitakayo, na akaenda kando naye njiani, akamsikiliza mpaka alipomaliza haja yake.

Huyo ndiye Mtume wetu, aliyekuwa na umma mzima wa kuuongoza, na alipata muda wa kusimama njiani na mgonjwa wa akili. Nyumba ile yenye mlango uliofungwa unaijua. Leo baada ya swala ya alasiri, kabla ya jeneza kutupeleka pale, nenda kapige hodi.

Wabillahi tawfiq.